Waungwana wa London na Mtaa wa Mbotela

Msomaji mpenzi, ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukaelekea mashariki, utapita mitaa ambayo majina yake ni mfano wa kurasa za kitabu. Kariokor yakumbusha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na Maringo, kila jina lina habari yake. Miongoni mwa mitaa hiyo umo mmoja uitwao Mbotela. Wengi walalao na kuamka humo hawajapata kuuliza Mbotela alikuwa nani. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipoanza kusoma fasihi ya Waingereza ya karne ya 18. Hapo ndipo nilipotambua ya kuwa vitabu vile vya mbali na jina lile la karibu vinazungumza juu ya jambo moja.

Yumkini wewe pia umewahi kujiuliza swali nililojiuliza mimi. Mtoto wa Eastlands ana shauri gani na watu waliovaa nywele za bandia, wakanywa kahawa London zaidi ya miaka 250 iliyopita? Jirani yangu mmoja aliniona na vitabu hivyo, akanitania kwamba najifunza maneno ya watu kama kasuku. Sikumjibu siku ile, kwa maana sikuwa na jibu. Jibu nimelipata baadaye katika vitabu vyenyewe, na ndilo nitakalo kukueleza hapa.

Kwanza tujue zama hizo zilikuwa zama gani. Karne ya 18 katika Ulaya huitwa Zama za Mwangaza, kwa sababu waandishi wake waliamini ya kuwa akili ya binadamu ni taa, na ya kuwa kila jambo, hata mamlaka ya mfalme na desturi za wazee, laweza kuletwa mbele ya taa hiyo likachunguzwa. Katika Uingereza, sheria iliyolazimisha vitabu kupata kibali kabla ya kupigwa chapa ilikoma mwaka 1695. Tangu hapo magazeti na vijitabu viliongezeka upesi. Watu walikutana katika mikahawa, wakasoma magazeti kwa sauti, wakabishana. Mwaka 1711 Joseph Addison na Richard Steele walianzisha The Spectator, gazeti la insha lililotoka kila siku isipokuwa Jumapili. Shabaha yao ilikuwa kuitoa elimu katika vyuo na kuileta mezani, penye watu. Hata insha hii uisomayo sasa ina udugu na zile.

Nyuma ya waandishi hao alisimama mwanafalsafa John Locke, aliyefariki mwaka 1704. Alifundisha ya kuwa watu kwa asili yao ni huru na sawa, na ya kuwa serikali halali ni ile iliyokubaliwa na wale inaowatawala. Baada yake alikuja Samuel Johnson, aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, na Adam Smith, aliyetoa kitabu chake mashuhuri juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776. Mtu aliyekamilika kwa adabu, kwa elimu na kwa usemi mzuri ndiye aliyesifiwa na zama hizo. Sisi tungemwita muungwana. Likumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Sasa sikiliza upande wa pili. Katika miaka hiyo hiyo merikebu zilikuwa zikitoka London, Bristol na Liverpool kwenda pwani ya Afrika Magharibi kununua watu. Wanahistoria wanakadiria ya kuwa, katika muda wote wa biashara hiyo, merikebu za Waingereza zilipakia Waafrika zaidi ya 3,000,000. Sukari iliyotiwa katika kahawa ya waungwana wa London ililimwa na watumwa. Locke mwenyewe, mwalimu wa uhuru, aliwahi kuwa na hisa katika kampuni ya kifalme iliyofanya biashara ya watumwa. Naye David Hume, mmoja wa watu wenye akili kali kuliko wote wa zama zake, aliongeza tanbihi fupi katika insha yake moja mwaka 1753, akasema kwamba anashuku ya kuwa watu weusi wamepungukiwa kwa maumbile. Alikuwa amesikia habari za mtu mweusi wa Jamaica aliyesifiwa kwa elimu. Hume hakumwuliza mtu huyo neno lolote, wala hakutafuta ushahidi. Alimfananisha na kasuku aliyejifunza kutamka maneno machache.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu. Neno la jirani yangu wa Mbotela lilikuwa limesemwa tangu zamani na mwanafalsafa wa Scotland, tena si kwa mzaha.

Hali kadhalika katika hadithi. Huenda umesoma habari za Robinson Crusoe, zilizotolewa na Daniel Defoe mwaka 1719. Watoto huzipenda kwa sababu ya kisiwa, mbuzi na unyayo ulioonekana mchangani. Lakini ukisoma kwa makini utaona ya kuwa Crusoe alivunjikiwa na chombo akiwa katika safari ya kwenda Guinea kuchukua watumwa. Utaona pia ya kuwa alipompata mwenzake kisiwani hakumwuliza jina lake. Alimpa jina la siku ya Ijumaa, kisha akamfundisha kumwita yeye Bwana. Hadithi yote imejaa sifa za kazi, akili na kujitegemea, walakini anayesifiwa ni mmoja, na mwingine ni wa kutumwa tu.

Je, tuvitupe vitabu hivi? Ngoja kwanza. Ukivitupa utawatupa pamoja navyo watu walioyaona makosa hayo wakayasema wazi. Jonathan Swift alitoa safari za Gulliver mwaka 1726, na katika miaka ya 1930 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Wengi wakumbuka watu wafupi wa Lilliput, wasikumbuke mwisho wa kitabu. Mwishoni Gulliver aeleza kwa nini hakuzitwaa nchi alizoziona kwa ajili ya mfalme wake. Asema ya kuwa makoloni huanza kwa maharamia waliopotezwa njia na tufani, ambao hushuka pwani kupora, hupokewa kwa wema, huua watu kadhaa, kisha husimamisha ubao au jiwe na kusema nchi ni yao. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 160 kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa katika nchi yetu.

Samuel Johnson naye alichukia utumwa maisha yake yote. James Boswell, aliyeandika maisha ya Johnson katika kitabu kilichotoka mwaka 1791, asimulia kwamba siku moja huko Oxford, mbele ya watu wazito, Johnson aliinua bilauri yake akawatakia heri watumwa wa West Indies katika maasi yao yajayo. Alipofariki mwaka 1784, sehemu kubwa ya mali yake aliirithisha Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica na kulelewa nyumbani mwake. Tena kitabu cha kwanza cha Johnson, cha mwaka 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za padre Mreno, Jerónimo Lobo, ambaye katika miaka ya 1620 alifika Pate, katika mwambao wetu, akitafuta njia ya kuingia Uhabeshi. Kutokana na masomo hayo, mwaka 1759 Johnson alitunga Rasselas, hadithi ya mwana wa mfalme wa Uhabeshi aliyechoshwa na starehe za bonde alimofungiwa, akatoroka kwenda kutafuta maisha yaliyo mema. Zingatia jambo hili: miaka 6 baada ya Hume kuandika ile tanbihi, Mwingereza mwingine alipotaka mtu wa kufikiri maswali makuu ya binadamu, alimchagua kijana wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, mwenye jeraha ndiye ajuaye maumivu yake. Watu walioubana Mwangaza mpaka ukatimiza ahadi yake ni wale walioachwa nje. Ignatius Sancho, ambaye kwa masimulizi yaliyochapwa baada ya kufa kwake alizaliwa ndani ya merikebu ya watumwa, alikua akawa mwenye duka huko Westminster. Mwaka 1766 alimwandikia mwandishi mashuhuri Laurence Sterne, akamwomba aitumie kalamu yake kuwatetea watumwa. Kwa kuwa alikuwa na nyumba na duka, sheria haikuweza kumzuia kupiga kura ya kuchagua wabunge. Alipiga mwaka 1774 na tena mwaka 1780, akiwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza wajulikanao kufanya hivyo Uingereza. Barua zake zilitolewa mwaka 1782, miaka miwili baada ya kufariki kwake.

Baada yake akaja Olaudah Equiano. Alijikomboa mwenyewe mwaka 1766 kwa kulipa pauni 40 alizozichuma kwa biashara ndogo ndogo. Mwaka 1789 alitoa kitabu cha maisha yake, akazunguka nacho mji kwa mji kukiuza na kusema na watu, kikapigwa chapa mara 9 kabla hajafariki mwaka 1797. Alitumia maneno yale yale ya waungwana wa London, yaani haki, akili, huruma na uhuru, lakini aliyatumia kama mtu adaiye deni na hati ya deni i mkononi mwake. Kasuku hawezi hivyo. Kasuku hurudia neno asiulize ni la nani, na mtu hulishika neno akamwuliza aliyelisema: je, mimi nimo au simo?

Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Mwaka 1833 lilipitisha sheria ya kuufuta utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni, ikaanza kutumika mwaka 1834. Fidia ya pauni 20,000,000 ilitolewa, ikalipwa wenye watumwa. Watumwa hawakupewa kitu.

Sasa, msomaji, rudi nami kwetu, na tusijifanye wasafi. Wakati merikebu za Atlantiki zilipokuwa zikizuiwa, biashara ya watumwa katika mwambao wetu ilikuwa ikiongezeka. Watumwa walilima mashamba ya Malindi na Mombasa na kuchuma karafuu za Unguja, na wengi wa mabwana wao walisema Kiswahili, lugha hii hii tunayojivunia. Hapa ndipo nilipokuomba ulikumbuke neno muungwana. Leo maana yake ni mtu mwenye adabu njema. Zamani maana yake ilikuwa mtu asiye mtumwa. Mwenye adabu na asiye mtumwa waliitwa kwa jina moja, kana kwamba mtumwa hawezi kuwa na adabu wala utu. Hume alikuwa na tanbihi yake, na sisi tulikuwa nayo yetu, ila yetu tuliificha ndani ya neno zuri.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere aliletwa na serikali yake kumshurutisha Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, na mwaka huo soko la watumwa likafungwa. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha karibu na Mombasa makao ya watu waliotekwa na kisha kuokolewa baharini na manowari za Waingereza. Makao hayo yakaitwa Freretown. Kengele yake ingalipo, na mahali pale huitwa Kengeleni hata leo. Humo ndimo ulimokua ukoo wa Mbotela. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwana wa watu waliokombolewa, alitoa kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Kitabu hicho huwasifu sana Waingereza waliowaokoa, na msomaji wa leo aweza kuona ya kuwa sifa zimezidi kipimo. Lakini kitendo chenyewe ni kile kile cha Equiano. Mtoto wa mtu aliyehesabiwa kuwa bidhaa ameketi akaandika historia, tena kwa lugha ya waliokuwa mabwana.

Mtu mwingine wa ukoo huo, Tom Mbotela, alikuja Nairobi akawa mmoja wa viongozi wa chama cha KAU. Alitaka haki kwa njia ya maneno na katiba, akaipinga njia ya Mau Mau. Mwezi wa Novemba 1952, yapata mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa, aliuawa hapa hapa Nairobi. Serikali ya kikoloni ikaupa mtaa jina lake, kama ilivyoupa mtaa mwingine jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Tazama ugumu wa jambo hili. Waliouana walikuwa wote wakililia uhuru. Na serikali iliyoandika majina ya marehemu hao juu ya mitaa ndiyo iliyokuwa ikiwanyima walio hai uhuru huo.

Maana Eastlands yenyewe ilijengwa juu ya mgawanyo. Waafrika walitengewa upande wao wa mji, wakahitaji kibali kuishi humo, na wanaume walibeba kipande ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mjini mwaka 1931, lakini mpaka mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Kwa hiyo vitabu vya Locke, Swift na Johnson vilikuwapo Nairobi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Pumwani, na mlango ulifungwa mbele ya watu ambao vitabu hivyo vilisema wamezaliwa huru.

Nao walifanya kama Sancho na Equiano. Walijadiliana katika kumbi za mitaa, Pumwani na Kaloleni, na ukumbi wa Kaloleni ulifanyiwa mikutano mingi ya siasa hata watu wakaufananisha na Bunge. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria, na Tom Mboya akashinda kiti cha Nairobi. Kura zenyewe ziligawiwa kwa kipimo cha elimu, mapato na mali, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura 3 na jirani yake asiwe na hata moja. Sancho angaliijua sheria hiyo mara moja. Wajumbe hao waliikataa hesabu hiyo, wakadai kila mtu mzima awe na kura yake. Walikuwa wakidai neno lile la Locke, bila ya tanbihi.

Ukoo wa Mbotela haukuishia kwenye kibao cha mtaa. Katika miaka ya 1960 mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alianzisha redioni kipindi cha kufundisha adabu, akakiendesha kwa miaka zaidi ya 50. Alifariki mwaka 2025. Kila alipomaliza kueleza kitendo cha mtu asiyejali wenzake, aliwauliza wasikilizaji swali lililokuwa jina la kipindi: Je, huu ni ungwana? Taifa zima lilicheka, likajipima. Wachache walifikiri ya kuwa aulizaye ni mtu wa ukoo ambao zamani ulinyimwa hata jina la uungwana. Neno lililotumiwa kuwafungia nje wazee wake alilishika yeye, akawa hakimu wake.

Hilo ndilo jibu langu kwa jirani yangu. Usisome vitabu vya karne ya 18 kwa kuvisujudia, wala usivisome kwa kutafuta makosa tu. Visome kama mtu aliyeandikiwa hati ya deni. Penye neno uhuru, uliza nani ameachwa nje. Kisha ufanye hivyo hivyo kwa maneno yetu wenyewe, hapo ndipo kazi ilipo ngumu. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Mtazame msichana wa kazi alalaye jikoni, mtazame mchuuzi anayekimbizwa na askari wa jiji, kisha uulize kama nao wamo.

Siku hizi milango ya maktaba za Kaloleni na Makadara i wazi kwa kila mtoto wa Eastlands. Ukipita karibu, ingia.